Una Baridi Yabisi na Kiwiko Kimefura Kama Yai? Soma Hii Kabla Ukiguse

Hii simu unaijua. Uko Nairobi, ni Jumamosi, na mathe anapiga kutoka Kwa Vonza. Anakusalimia, anakuuliza kama umekula, anakupa story ya ndengu na mvua. Halafu kabla akate anasema kama kitu cha kupita tu: "Kiwiko kimefura kidogo. Ni hii athraitisi yangu." Unamwambia "pole mwaitu", unamtumia doh ya dawa kwa M-Pesa, na wikendi inaendelea.

Maze, hapo ndipo watu huteleza. Kwa mtu mwenye baridi yabisi ya rumatoidi, ule ugonjwa madaktari hufupisha kuwa RA, si kila kitu kinachofura karibu na kiungo ni kiungo chenyewe. Kinaweza kuwa kifuko kidogo kinachoitwa bursa, na kikifura hali hiyo inaitwa bursitisi. Mara nyingi ni kitu kinachotulia kikitunzwa vizuri. Lakini kuna wakati kifuko hicho kimeingiwa na bakteria, na kwa msee anayemeza dawa za RA, kungoja wiki nzima "ipoe yenyewe" ni hatari kabisa.

Kwa hivyo ukiwa na RA wewe mwenyewe, ama ni mathe, ama ni susu, hii ni yako.

Bursa ni nini?

Mwili wako una bursa kama 150. Ni vifuko vyembamba vyenye ute kidogo ndani, vimewekwa mahali ambapo mfupa unasuguana na ngozi, msuli au kano. Kazi yake ni kama ile ya kipande cha mpira ambacho fundi huweka kati ya vyuma viwili ili visilane. Bursa ikiwa fiti, hata hujui iko. Hukai chini ukawaza kuhusu kifuko kilicho kwenye ncha ya kiwiko chako.

Ikikasirika, inajaa maji, inafura, na kila ukiegemea hapo unaruka.

Mtu asiye na RA anaweza kupata bursitisi pia. Anayepiga magoti kila siku anaipata gotini. Anayeegemea dawati kwa viwiko anaipata kwenye kiwiko, na ndiyo maana tangu zamani ile ya kiwiko imepewa jina la utani, kiwiko cha mwanafunzi. Wale wa SEKU, chuo kikuu kilicho hapo Kwa Vonza, wakati wa mitihani mnajua vile viwiko huteseka.

RA inaingiaje hapa?

RA si ugonjwa wa kunyeshewa wala wa kulala kwenye saruji, ingawa jina "baridi yabisi" huwafanya watu wafikirie hivyo. Na kabla jirani aanze kunong'ona kuhusu kamuti, hapana, si hiyo pia. Ni kinga ya mwili iliyochanganyikiwa. Askari waliowekwa kulinda boma wanageuka na kuvamia nyumba waliyokuwa wanailinda.

Wanavamia nini hasa? Ule utando laini ulio ndani ya viungo, unaotengeneza ute wa kulainisha. Sasa skiza hii, kwa sababu ndiyo siri yote: bursa nyingi zina utando wa aina hiyo hiyo. Kwa hivyo kinga ikivamia vidole na vifundo vya mikono, inaweza kuvamia na bursa za bega, kiwiko, nyonga, goti na mguu. Huhitaji kuanguka wala kubeba kitu kizito. Unaamka tu na imefura.

Ndiyo maana bursitisi inayorudi rudi kwa mtu wa RA ni ujumbe. Inaweza kumaanisha RA yenyewe haijadhibitiwa vizuri, hata kama vidole vinaonekana vimetulia.

Na usidhani ni ugonjwa wa wazee peke yao. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka wa 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa wanaishi na RA, na karibu 70 kwa kila 100 kati yao ni wanawake. Wengi huanza kuugua wakiwa na umri wa kati ya miaka 30 na 60, yaani wakati ule ule mtu ana watoto wa shule, shamba na kazi.

Hizi ndizo sehemu za kuangalia

*Kiwiko.* Uvimbe laini kwenye ncha kabisa, kama yai lililowekwa chini ya ngozi. Wachongaji wa vinyago kule Wamunyu, kwenye barabara hiyo hiyo ya Machakos kwenda Kitui, na mtu yeyote anayeegemea meza kutwa nzima, wako kwenye hatari zaidi.

*Goti.* Uvimbe mbele, juu ya kifuniko cha goti. Fikiria kazi ya kuchota maji kwenye mto wa mchanga wakati wa kiangazi: unapiga magoti, unafukua, unangoja maji yajae, unachota kwa kikombe hadi mtungi wa lita 20 ujae. Ukiwa na RA, hilo goti linalipa mara mbili.

*Bega.* Hapa huoni uvimbe mara nyingi. Unaskia uchungu ukiinua mkono kando, ukianika nguo, ukichana nywele, ama ukilalia upande huo. Kutwanga mahindi ya muthokoi kwa kinu na mchi kunaichokoza vibaya sana.

*Nyonga.* Uchungu upande wa nje wa paja, juu, pale mfupa unajitokeza. Usiku ukilalia upande huo hulali. Kupanda mlima ama ngazi pia ni shida.

*Kisigino.* Nyuma, pale ambapo kiatu kinagusa. Viatu vya nyuma ngumu vinakuwa adui.

*Chini ya vidole vya miguu.* Unaskia kama unakanyaga kijiwe ambacho hakiko. Kuna bursa ndogo kati ya mifupa ya hapo mbele, na RA inazipenda.

Ni bursa, ni kiungo, ama ni kitu kingine?

Daktari ndiye atakayekuambia kwa uhakika, lakini kuna vitu unaweza kuangalia nyumbani ili ujue utamwambia nini.

Kama ni bursa ya kiwiko, kwa kawaida uvimbe uko sehemu moja, kwenye ncha, na bado unaweza kukunja na kugeuza mkono bila uchungu mkubwa hadi pale ngozi inapovutika. Kama ni kiungo chenyewe, kila mwendo unauma, hata ule mdogo, na kinakuwa kigumu asubuhi kwa nusu saa hadi zaidi ya saa nzima.

Kuna pia vinundu vya RA. Hivi ni vigumu, hukaa kwenye kiwiko au mkono wa chini, na mara nyingi haviumi. Havikuji usiku mmoja kama bursa iliyofura.

Gauti nayo inaweza kuingia ndani ya bursa na kuiwasha ghafla. Huwezi kuitofautisha kwa macho, hadi maji ya hapo yapimwe.

Halafu kuna uvimbe wa nyuma ya goti. Huo ukipasuka, maji yanateremka ndani ya shavu la mguu na mguu unafura na kuuma. Shida ni kwamba damu ikiganda kwenye mshipa wa mguu inafanana na hiyo hiyo. Shavu la mguu likifura ghafla, usipake mafuta ukangoja. Enda hosi siku hiyo hiyo. Na ukiongeza kukosa pumzi ama kifua kuuma, hiyo ni dharura ya kukimbizwa.

Ile moja ya kuogopa

Bursa ya kiwiko na ile ya mbele ya goti ziko chini tu ya ngozi. Mkwaruzo mdogo, mwiba, kuumwa na mdudu, hata ngozi iliyopasuka kwa ukavu, vinatosha kuingiza bakteria. Anayehusika mara nyingi ni stafilokoka, ambaye huishi juu ya ngozi ya watu wengi bila kusumbua mtu. Akiingia ndani ya bursa, anatengeneza usaha. Asipozuiwa anaweza kuhamia kwenye damu ama kwenye kiungo.

Mtu wa RA yuko hatarini kuliko wengine kwa sababu mbili. Ugonjwa wenyewe unavuruga kinga, na dawa nyingi za kuutuliza zinashusha kinga makusudi, maana ndiyo kazi yake.

Dalili za kukufanya ufunge safari leo:

- Uvimbe ni mwekundu ama umegeuka rangi kuliko ngozi ya kando, una joto, na unauma hata bila kuguswa.
- Wekundu ama joto linaenea kila baada ya saa chache.
- Kuna kidonda, mkwaruzo au usaha juu yake.
- Una homa, unatetemeka kwa baridi, ama unaskia mwili umeisha nguvu.
- Ni sehemu moja tu imelipuka wakati viungo vingine vimetulia.

Hiyo ya mwisho ishike vizuri. RA ikiamka, kawaida inaamka sehemu kadhaa na mara nyingi pande zote mbili. Kiwiko kimoja kikilipuka peke yake, usiseme "ni ile ile ya kila siku".

Na kuna mtego. Kama anameza prednisoloni, homa inaweza isionekane. Kipimajoto kitasema yuko sawa na huku usaha unajikusanya. Kwa hivyo kukosa homa si cheti cha afya.

Usifanye hivi, tafadhali

Usiidunge na mwiba, wembe wala sindano ya dukani ili "maji yatoke". Utatoa maji leo na kuingiza bakteria kesho.

Usichanjwe juu yake na kupakwa dawa ya unga. Hatudharau dawa za wazee, lakini mlango uliofunguliwa kwenye ngozi ya mtu mwenye kinga ya chini unaingiza mengi.

Usiikande kwa nguvu wala kuichua kwa mafuta moto. Kama ndani kuna usaha, unaisukuma iende mbali.

Usinunue sindano ya uchungu ama tembe zisizo na jina, zile za kufungwa kwa karatasi ambazo "zinamaliza uchungu siku moja". Kama hujui kilicho ndani, hujui kama ni steroidi, na hujui itafanya nini ikikutana na zile unazomeza.

Na usichanganye diklofenaki na ibuprofeni kwa sababu moja "haijashika". Zote ni familia moja. Zikiunganishwa zinaumiza tumbo na figo, na zinapandisha presha. Mtu mwenye vidonda vya tumbo, shida ya figo au presha aulize kwanza hata kabla ya kumeza moja.

Ukifika hosi, watafanya nini?

Kwanza watakuuliza na kukushika. Ni vizuri uwaambie ilianza lini, kama uligonga mahali, na dawa zote unazomeza. Beba pakiti zenyewe, usitegemee kusema "ile ya manjano".

Kama kuna wasiwasi wa bakteria, watavuta maji ya bursa kwa sindano safi na kuyapeleka maabara. Huko wataangalia kama kuna bakteria, chembe nyeupe nyingi, au vipande vidogo vya gauti. Kitendo hicho ni kifupi na ndicho kinachomaliza ubishi. Bursa za ndani kama ya bega au nyonga zinaonekana vizuri kwa ultrasaundi. Eksirei inaonyesha mifupa.

Bakteria wakiwepo, ni antibayotiki, na wakati mwingine kuvuta usaha zaidi ya mara moja. Ikikataa kabisa, kuna upasuaji wa kuisafisha ama kuitoa. Maliza dozi hata kama uvimbe umeshuka siku ya tatu.

Bakteria wasipokuwepo, utaambiwa upumzishe sehemu hiyo, uikinge isigongwe, na ukande kwa baridi dakika 10 hadi 15, mara chache kwa siku. Huna friji? Kitambaa kilicholoweshwa kwa maji ya mtungi wa udongo kinasaidia. Barafu usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi.

Daktari anaweza pia kudunga steroidi ndani ya bursa. Inasaidia sana, lakini ni baada tu ya kuhakikisha hakuna bakteria. Na ya kisigino inahitaji tahadhari kubwa, maana steroidi ikiingia kwenye kano kubwa ya hapo nyuma inaweza kuidhoofisha hadi ikatike.

Neno kuhusu dawa za RA

Hapa ndipo maisha hupotea kwa makosa madogo, kwa hivyo soma pole pole.

Methotreksati, dawa inayotumiwa sana kwa RA, humezwa mara moja kwa wiki. Si kila siku. Chagua siku yako, tuseme Jumapili, na uandike kwenye kalenda ya ukutani. Kuimeza kila siku kwa kukosea kumewahi kuua watu sehemu mbalimbali duniani. Huandamana na tembe za foliki asidi, na vipimo vya damu vya kuangalia ini na chembe za damu. Haifai kabisa kwa mwenye mimba au anayepanga kupata, na pombe inaongezea ini mzigo.

Sasa ile ambayo watu wengi hawajui: methotreksati na Septrin havipatani. Septrin iko kila mahali, watu wameizoea, na mtu akionekana na uvimbe wenye usaha inaweza kuwa ya kwanza kupewa. Zikiwa pamoja zinaweza kuzima utengenezaji wa damu kwenye uboho. Kwa hivyo kabla ya kupokea antibayotiki yoyote, sema hivi: "Niko kwa methotreksati." Maneno matatu tu. Mfundishe mathe ayaseme hata kama daktari hajauliza.

Ukiwa na maambukizi, daktari anaweza kukuambia uruke methotreksati hadi upone. Usijiamulie. Na prednisoloni kama umeimeza kwa wiki kadhaa, usiiache ghafla, kwa sababu mwili umeacha kutengeneza yake na unaweza kuzimia.

Kutoka Kwa Vonza unaenda wapi?

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Afisa wa kliniki anaweza kutambua dalili za hatari na kukuandikia barua ya rufaa. Kuna pia wahudumu wa afya ya jamii wanaozunguka vijijini. Serikali iliwazindua rasmi Septemba 2023, wakiwa na mabegi yenye vifaa vya kupima joto, presha na sukari. Mjue wa kwenu kwa jina na namba yake.

Barabara ikifika Kwa Vonza inakupa pande mbili. Upande mmoja ni Kitui mjini, kwenye hospitali ya rufaa ya kaunti. Upande mwingine ni Machakos, kwenye hospitali ya Level 5. Madaktari bingwa wa viungo ni wachache Kenya nzima na wengi wako Nairobi, ikiwemo kliniki ya Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Lakini kwa bursa yenye usaha huhitaji kungoja bingwa. Unahitaji mtu wa kuvuta maji, maabara na antibayotiki sahihi, leo.

Upande wa doh, tangu tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya NHIF ilipisha SHA. Kujiandikisha ni kupitia *147#. Huduma za zahanati na kituo cha afya hulipwa na mfuko wa afya ya msingi ukishajiandikisha, lakini za hospitali kubwa zinahitaji uwe umelipa mchango wako. Kama mathe hajaandikishwa, hiyo ni kazi yako wikendi hii, si siku ambayo mkono umefura.

Kuishi nayo bila kuacha kuishi

Hakuna anayemwambia mtu wa Kwa Vonza aache shamba. Lakini kuna mabadiliko madogo. Gunia lililokunjwa ama kipande cha godoro chini ya magoti wakati wa kupalilia. Kigoda badala ya kuchuchumaa. Kupeleka mahindi yakakobolewe mashineni siku ambazo bega limekataa. Mitungi miwili midogo badala ya mmoja mkubwa. Kiatu kipana mbele na laini nyuma. Mikwaruzo ya viwiko na magoti ioshwe kwa maji safi na sabuni siku hiyo hiyo. Ngozi kavu ipakwe mafuta isipasuke.

Zaidi ya yote, dawa za RA zimezwe hata siku ambazo hakuna uchungu. Hizo za kutuliza kinga ndizo zinazolinda viungo na bursa. Za uchungu zinanyamazisha kelele tu.

Jumamosi ijayo simu ikilia

Akisema "kimefura kidogo", usikimbilie M-Pesa. Muulize haya matano: Ni kimoja ama ni viwili? Kina joto ukikigusa na kiganja? Kuna kidonda hapo juu? Umetetemeka ama kukosa nguvu? Unameza dawa gani sasa hivi, na ya mwisho ulimeza lini?

Kama ni kimoja, kina joto na kina kidonda, mwambie apande matatu leo, na ile doh ya dawa ya kupaka iwe nauli. Mwambie abebe pakiti zake zote. Na kabla akate, mfanye arudie yale maneno matatu, hata kama atacheka: "Niko kwa methotreksati."